Kobe wa Moshi Akirudi Mezani

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Huku tunaendelea. Mwanao wa huku kwangu ameota meno ya mbele, makubwa kuliko uso wenyewe, na haachi kuyaonyesha. Mimi, dada, naogopa. Nimejaribu kuanza na habari nyingine, nimeshindwa.

Unajua Jumatatu nalazwa nipasuliwe. Niliwaambia nyote ni kauvimbe kadogo tu shingoni, daktari atakatoa, nitapumzika, basi. Kazini nimeshaaga. Mapazia ya hoteli nimeyamaliza, na fundi mkuu akanikaripia, kama kawaida yake, kwamba nimekaza uzi mno. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mtoto, na hapo ndipo nilipochokoza nyuki.

Siku hizi mwanao hana habari na kitu chochote ila kadi zake za mazimwi. Kila kadi ina picha ya kiumbe, na chini yake pameandikwa anachoweza kufanya. Wachezaji wawili huwapambanisha viumbe wao mezani, kwa zamu. Kipenzi chake ni Kobe wa Moshi. Huyo akishambuliwa hugeuka moshi akatoweka, na zamu inayofuata anarudi hana hata mkwaruzo. Nikajiona nimepata pa kuanzia. Nikamwambia mama naye atafanya kama kobe: atatoweka kidogo, kisha atarudi mzima.

Nilitegemea atacheka. Badala yake alinitazama kama mwalimu aliyejibiwa ovyo, akasema sijaisoma kadi yote. Akamweka kobe mezani, akampa kadi ya ngao, akampangia juu yake vijiwe vya nguvu, vile ambavyo mchezaji humkusanyia kiumbe wake kidogo kidogo. Akaeleza kwamba kobe akitoweka, vyote hivyo huanguka. Anaporudi huhesabiwa kiumbe mpya. Majeraha hana, kweli, lakini hana ngao wala vijiwe, na zamu nzima ya kwanza hulala tu, hawezi lolote. Yaliyompata kabla hayamo tena ndani yake. Kisha akaniuliza kama mama akirudi atamjua.

Nilimwambia aache upuuzi, akapange vitabu vyake. Nikaenda kusimama bafuni nimeshika sinki mpaka aliponibishia mlango akitaka kujua kama nimemkasirikia. Nilisema hapana. Swali lake hajalirudia, ila sasa kila ninakokwenda humu ndani ananifuata.

Maana alichosema ndicho alichoniambia daktari. Uvimbe hauko shingoni, niliwadanganya. Uko kichwani, upande wa kushoto. Daktari alinieleza taratibu kwamba nikiuacha utaniua, na ukitolewa huenda nikaamka sina maneno, au nikawatazama watu wangu nisiwajue. Huenda yakarudi, huenda yasirudi. Najua utanitupia ile methali ya mficha maradhi. Nakuomba usiimalizie. Nilinyamaza kwa sababu naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na kwa sababu wewe ukilia majirani huja wakidhani kuna msiba.

Njoo kabla ya Jumatatu. Nitakapoamka, ukae karibu na kitanda, na yeye awe kando yako. Nikikutazama kama mgeni, usilie mbele yake. Nitajie jina lako. Kisha msogeze, uniambie kwamba huyu ni mwanangu, nilimzaa mimi. Na nikibisha, dada, msiondoke mkakata tamaa. Mje tena kesho yake, mniambie upya.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote uwabusu kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku