Ngome Yenye Tulipaka Simenti

Siku ya Mungu, tarehe 28 mwezi wa saba 2024

Leo ku kanisa matangazo ilipita mahubiri kwa urefu. Éliakim, kaka ya bibi yangu, ni kusema shemeji yangu, alipanda mbele na kofia mupya: Président wa Comité ya Utalii. Siku ya Wazazi sisi wababa wote tutatoka Butembo, tutaenda Beni, commune Ruwenzori, kuangalia "ngome maarufu ya kale". Maarufu! Kwa nani? Batu banapandaka kile kilima kukatia mbuzi majani.

Anasema ni patrimoine, urithi wa nchi. Ile neno aliisikia mu radio. Radio yenyewe ni mimi niliitengeneza.

Jambo lenye Éliakim hakutangaza: mu ile ngome munakaa dada yangu mukubwa, yaya Tamar. Alikimbia vita kule kwao, upande wa Mbau, na batoto yake, na walipata kile chumba kenye askari ba Bazungu balikuwa banalala zamani. Nilimuita aje Butembo. Anakataa. Anasema kutoka kile kilima anaonaka barabara ya kwao, na siku itafunguka, yeye atakuwa wa kwanza kurudia.

Niliandikisha jina yangu. Nataka kuona batalii.

Siku ya ine, tarehe 1 mwezi wa nane

Bisi ya kukodi. Wababa na makoti, na viatu vya ndoa. Shemasi mumoja alivaa miwani ya jua — mawingu ilikuwa chini kabisa — anasema njo desturi ya utalii. Ku kila barrière tunashuka, tunatembea na miguu, tunapanda tena. Askari mumoja aliuliza tunaenda kufanya nini. Kuangalia ukuta, Éliakim akajibu. Askari alituangalia mumoja mumoja. Alituacha tupite. Nafikiri ni huruma.

Basi, ngome. Ukuta inanifika ku kifua! Pembe moja ilishaanguka, ya pili inafikiria. Kwetu Butembo, muuzaji wa bitenge tu anajengaka ukuta mara mbili ya hii, na chupa za kuvunjika juu yake, na hakuna mutu anapandaka bisi kwenda kuishangaa. Chumba cha yaya njo peke yake bado kamili, na katundu kembamba ka kutolea bunduki. Juu yake, bâche ya plastiki tu.

Guide yetu ilikuwa Onésime, mwalimu wa zamani. Alisema hapa majeshi mingi ilishindwa. Niliuliza majeshi gani. Ya maadui, akasema. Maadui gani? Ba wakati ile. Wababa bakaandika mu telefone zabo. Nani alibeba mawe, hapana mutu aliuliza. Baba alinisimuliaka: babu yetu Maliro alizibeba kutoka mutoni, kiboko nyuma yake. Sikusema. Guide njo analipwa kusema.

Kiisha photo. Photo ya kuegemea ukuta, photo ya kuonyesha na kidole, photo ya kuangalia mbali kama mutu mwenye anangoja adui. Pale pale yaya Tamar akatoka mu mulango na sufuria ya sombe. Shemasi wa miwani alimulomba asogee, anaharibu photo. Mwengine akasema hapana, mama abaki, inaonekana vizuri na mama. Balianza kubishana, yeye katikati, sufuria mu mikono.

Aliniona. Mimi na koti yangu, kati ya wale batu. Akaniita na jina yangu:

"Mathe, na wewe umekuja kuniangalia?"

Nilivua koti.

Mbele ya kurudi, Éliakim akatoa hotuba. Tarehe 17 mutaalamu wa mambo ya kale atatoka Kinshasa. Akiona kama ngome ni ya zamani kweli, serikali itaichukua: fensi, mulinzi, tikiti. Na bale bakaaji batatoka mbele ya mwisho wa mwezi. Alisema "bakaaji" vile mutu anasemaka panya. Anajua vizuri ni dada yangu. Alikunywa chai kwake, siku ile ile!

Siku ya tano, tarehe 2

Asubuhi yote niko mbele ya radio moja yenye imekufa sauti. Nafikiri.

Mutaalamu anatafuta nini? Uzee. Akikosa uzee, anarudia kwabo. Na ugonjwa ya batu ya Butembo naijua, mimi mwenyewe niko nayo: hatuwezi kuona ukuta ya kupasuka bila kutafuta mwiko.

Siku ya Mungu, tarehe 4

Kiisha ibada nilisimama karibu ya Éliakim na nikasikitika. Tu. Nilisema ni haya kidogo, mugeni wa Kinshasa kumupokea mu nyumba ya kubomoka, atasema sisi Banande wa Butembo hatujui tena kujenga. Nikaongeza: lakini ni kazi yako, Président, mimi ni mutu wa radio.

Saa ya chakula ya jioni alikuwa ameshapata wazo. Wazo yake mwenyewe! Alikuja kunielezea mie: simenti, chaux ya kupaka nyeupe, salongo siku ya posho, kanisa yote kazi ya bure. Nilimuuliza kama mutaalamu hatakasirika. Alinicheka. Nani anakasirika kama amefagiliwa nyumba?

Nikasema basi batie na tôle, bati za juu, ku kile chumba, mvua isiharibu kazi. Labda pale nilizidisha kidogo.

Siku ya posho, tarehe 10

Salongo. Sijaonaka kanisa yetu na moyo vile, hata ku Noeli. Ézéchias, fundi mujenzi, alikuja na batu yake na kamba ya kupimia. Balinyanyua ukuta mpaka ikapita mutu. Balinyoosha pembe zote sawa. Balipaka simenti, balilainisha, kiisha chaux nyeupe mpaka macho inauma. Mu chumba cha yaya: tôle, na mulango ya mbao ngumu, na chuma ya kufungia ndani. Ézéchias anapitisha kiganja ku ukuta vile mutu anapapasa ngombe wake.

Mawe ya kuongeza tulizitosha mutoni. Babu Maliro alipanda nazo na kiboko nyuma. Sisi tulipanda nazo tukiimba wimbo namba kumi na mbili, na hapana mutu alituchapa. Maendeleo.

Yaya Tamar alikaa ku jiwe, anaangalia. Nilimuelezea plan yangu ku sikio. Akasema, "Batu banafanyaka nguvu vile juu ya kitu chenye banataka kubaki nacho." Nikamuambia asiogope, Éliakim namujua.

Siku ya posho, tarehe 17

Mutaalamu alifika! Mufupi, kibegi ku bega, viatu vya kweli vya kutembea. Alizunguka mara moja. Alizunguka tena. Akauliza ngome iko wapi.

Éliakim akacheka sana. Alifikiri ni sifa.

Yule bwana akatia kidole ku ukuta, kidole ikatoka nyeupe. Aliuliza nani alifanya hii. Wababa wote bakanyoosha mikono, hata bale hawakukuja ku salongo. Akaongea Kifaransa polepole, vile banaongeleaka mugonjwa: hapa patrimoine hakuna tena. Hapa kuko dépôt nzuri sana ya kuwekea mizigo. Akapanda jeep. Hata Fanta hakugusa.

Mimi nilikohoa mu kitambaa mpaka machozi. Yaya Tamar alirudi kutoka soko, akaona hakuna fensi, hakuna tikiti, akawasha moto.

Na sisi tukaimba ndani ya bisi, mimi kwa sababu yangu.

Siku ya kwanza, tarehe 19

Éliakim alikuja kula kwetu. Nilifikiri ni kulia. Hapana! Alikuwa na kadena mupya ya kufungia mulango mu mufuko, ingali mu karatasi. Kama Kinshasa haitaki ngome, anasema, nyumba ni nzuri, tôle iko, mulango iko: itakuwa bureau ya Comité. Niliuliza Comité ya utalii gani, kama hakuna tena kitu ya kutembelea. Akasema Comité kwanza inapata bureau, kiisha utalii utakuja.

Bakaaji wana mpaka kesho.

Bibi yangu Jemima aliweka ugali ya bundu mbele ya kaka yake, akaniangalia mie. Anajua nani alilomba tôle.

Siku ya pili, tarehe 20

Nilipanda pikipiki alfajiri, nikafika Beni mbele ya Éliakim. Naandikia ndani ya chumba cha yaya. Mulango imefungwa na ile chuma ya Ézéchias, sufuria iko ku moto, batoto banacheka kwa sababu banafikiri ni muchezo. Wiki tatu nimecheka hii ngome. Sasa ni mimi niko nyuma ya ukuta yake, na adui iko inje, na adui ni shemeji yangu.

Naangalia mu katundu ka bunduki. Éliakim, kofia, kadena. Anaita: shemeji, fungua, usinitie haya mbele ya batu. Batu bako, kweli. Wengine banatosha telefone. Batalii, mwishowe!

Nilimuuliza yaya nimujibu nini. Hakugeuka hata.

"Mwambie leo hakuna visite."

Nikamuambia. Pale inje mutu moja alicheka, na Éliakim akazunguka nyumba yote anagonga na ngumi. Inalia vizuri. Simenti ilikamata.

Ameita Ézéchias, mwenye alimuleta kutoka Butembo. Ézéchias amekuja na nyundo kubwa. Éliakim anamuonyesha: hapa, kando ya mulango. Ézéchias anasogea. Anapitisha kiganja ku ukuta. Éliakim anaonyesha tena, sauti inapanda.

Yaya amezima moto kusudi asikie.

Nyundo iko juu. Ézéchias anaangalia kazi yake. Bado hajapiga —