Nyota Iliyobeba Chuma

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kosa la wengi ni hili: kudhani chuma ni kitu cha jembe na panga tu. Leo nimelikuta ndani ya nyumba yangu, hapa kambini Rubondo. Mjukuu wangu Sonia ana mimba kubwa na damu haimtoshi. Vidonge vya chuma alivyopewa hospitalini Mbarara havipo. Pélagie, mama mkwe wake, amewatupia kuku!
— Chuma itafanya mutoto muzito, Mwalimu. Atakosa fasi ya kutokea.
Badala yake anamlambisha udongo. Udongo!

Jumatano, 5 Machi
Mbarara tena. Nesi Medius amevuta kope ya chini ya jicho la Sonia: ndani kweupe kama chaki. Akanigeukia kwa ukali.
— Mzee, damu iko chini sana. Akizaa hivi, tutapoteza yeye.
Tumepewa vidonge vingine. Nimevitia mfukoni mwangu, mbali na kuku.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza Pélagie polepole, kama darasani kule Uvira, kabla hatujakimbia. Mwanzoni chuma hakikuwako popote. Gesi nyepesi tu. Nyota za kwanza, kubwa mno, zikaibana matumboni mwao. Chepesi kikaungana kuwa kizito, kizito kuwa kizito zaidi, mpaka chuma. Hapo moto haupati nguvu tena kwa kuunganisha. Nyota ikajiporomokea, ikapasuka, ikamwaga vyote angani. Vumbi hilo ndilo dunia, ndilo jembe, ndilo damu yetu.
Pélagie akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.
— Si umesema we mwenyewe? Ile nyota yenye ilibeba chuma ilipasuka! Na unataka muke ya mutoto wangu ameze?
Sonia akakirudisha kidonge mezani.
Nimeshindwa na mfano wangu mwenyewe. Mimi! Maisha yote ya ualimu!

Ijumaa, 7 Machi
Jibu limekuja asubuhi, bado nina hasira. Nyota ilijaa chuma moyoni. Sonia amepungukiwa. Kidonge hakimjazi kupita kiasi, kinamrudishia kilichopungua. Nimekwenda kumwambia Pélagie. Ameenda kwaya.

Jumamosi, 8 Machi
Sonia ameanguka kisimani! Wamemleta wamemshika mabegani, bidoni ya maji imebaki huko. Midomo yake myeupe. Nimetuma watu watafute pikipiki ya kumpeleka hospitali. Pélagie yuko mlangoni na bonge lake la udongo, analia, lakini hasogei.
— Koko, babu yangu, naogopa kupasuka, Sonia ananiambia.
Habari za nyota nimeziacha. Nimemwekea kidonge kiganjani, na kikombe cha maji.
— Sonia, meza hiki leo.