Kichaka cha Konani

Jumanne, baada ya Isha.

Kukata wamekata, siwezi kusema hawakukata. Mdachi aliniagiza mimi, mnyapara wake wa barabara: fyekeni pale konani, mwenye gari aone mbele. Nikawaambia watu wa kijiji, nikaenda kuangalia daraja.

Niliporudi, upande wa bondeni ulikuwa mweupe. Unaona mpaka Kihonda. Upande wa mlimani, kichaka kinachoziba kona kiko vilevile. Gari likitoka juu hulioni mpaka likufikie.

"Humo wamelala bibi zetu," akasema Mzee Kibwana, mkubwa wao. "Hatufyeki. Lakini huku si anaona mbali?"

Nilifoka, kisha nikawaacha. Hata mimi panga langu lisingegusa pale.

Kesho Mdachi anashuka na gari lake la punda, na kupunguza mwendo hajui. Mke wangu atakuwa anapanda kutoka sokoni, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Nimemwambia akikaribia kona apige vigelegele, asikike.

"Kwa harusi ya nani?" akauliza, akacheka.

Mimi sikucheka.