Mwiko wa Kukorogea Ajvari

Nevenka mwanangu,

Nimeenda mjini, kliniki ya ngozi. Nitarudi na basi la saa kumi. Pilipili hoho nimeshazichoma, ziko kwenye beseni. Zimenye, uzisage, uanze kupika rojo la ajvari bila kunisubiri. Koroga mfululizo, isishike chini. Mwiko mpya huo hapo mezani.

Asubuhi ulipomfokea Vukasin, "Akili gani hiyo, kupaka grisi bawaba za geti kwa mwiko wangu!", mimi nilikuwa nanywa kahawa tu. Mumeo hana kosa. Ni mimi. Na wala si grisi, ni marhamu ya soriasis, huu ugonjwa wangu wa ngozi. Mikono na magoti najipaka mwenyewe kila nikitoka kuoga, ila mgongo siufikii. Alikuwa akinipaka marehemu baba yenu. Tangu tumzike, naufunga mwiko kitambaa, najipaka nao. Wakati mwingine nacheka peke yangu, kama chungu kinachojikoroga.

~~Jioni mmoja wenu akipata dakika tano, anipake~~

~~Haiambukizi, Nevenka, hata daktari~~

Basi. Mwiko wa zamani usiutupe, bado nina kazi nao.

Mama