Bunduki ya Baba Imerudi Kutoka Ubelgiji

Biryogo, Kigali
Alhamisi, 6 Mei 1993

Kwa mdogo wangu Muhire, Kabuga

Asalaam alaykum.

Natumai barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana habari za moyo wako sijui nimuulize nani. Mkeo hajambo? Watoto wanaendelea na shule? Biashara ya mbao inakwenda? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Mama yuko afadhali kuliko mwezi wa Ramadhani. Miguu bado inamvimba jioni, lakini sukari imeshuka na anakula vizuri. Mimi nipo, nashona. Umeme unakatika ovyo, na watu wanarusha mabomu ya mkono huko mjini. Wanaoyarusha unawajua wewe kuliko mimi, kwa hiyo habari hizo sikupi.

Nimempa dereva wa basi la Kabuga barua hii akukabidhi mkononi kabla ya Jumamosi, kwa sababu umetuma neno kwamba Jumamosi unakuja na wenzako kuchukua bunduki ya marehemu Baba. Imerudi. Naanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta. Lakini kaa chini usome mpaka mwisho, na usome peke yako.

Mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, ulikuja hapa na kofia ya chama chako kichwani, ukaingia nayo mpaka chumbani kwa Mama. Ukaniamuru, mimi dada yako mkubwa, niitafutie dawa bunduki hiyo. Ukasema vita vinakuja mjini, Mama ni mjane na mgonjwa, lazima nyumba iwe na kitu cha kumlinda. Nikakukumbusha kwamba pini zake za kupigia risasi zilikatika Baba akiwa hai, kitako chake cha mti kimeliwa na mchwa, na mafundi wa Kigali wote wamesema hawaiwezi mpaka kiwandani kwake Ubelgiji. Ukasema basi niandikie kiwanda, si nina mwalimu anayejua Kifaransa? Ukaondoka bila kusubiri chai.

Sikutaka ipone, Muhire. Nakuambia wazi. Ile kofia sikuipenda, na namna ulivyoipapasa bunduki pale ukutani sikuipenda zaidi. Lakini kukukatalia usoni sikuweza, ungeipeleka mwenyewe. Nikaona niandike, ila niandike kwa namna ambayo hao mafundi wenyewe wataikataa.

Wewe si fundi, hujui sisi wa Biryogo tunavyomwondoa mteja tusiyemtaka. Hatumfukuzi. Tunamwambia njoo kesho. Akija kesho, vifungo vimepotea, aje Ijumaa. Ijumaa tumekwenda kuswali. Mwenye mdomo mchafu ndiye tunayemzungusha kuliko wote, mpaka achukue kitambaa chake aende kututukana kwingine. Mimi nikadhani fundi ni fundi popote, awe wa suruali awe wa bunduki. Nikamwendea mwalimu Damascène wa Kicukiro, yule anayeniletea makoti yake niyapindue kola, nikamwomba aniandikie barua ya matusi kwa Kifaransa safi.

Alicheka mpaka akashika meza. Aliandika, kisha nikamfanya anisomee tena kwa Kiswahili, nikagundua ameyapunguza makali, nikamlazimisha ayarudishe. Nikawaambia hao Wabelgiji kwamba pini zao ni za bati. Nikawaambia sina risiti, sijui ilinunuliwa lini, mwenyewe amekufa, na kwamba nataka itengenezwe bure. Kama hawataki, waende zao.

Majibu yalikuja kabla sijamaliza kushona nguo za harusi niliyokuwa nayo. Waliniita Mheshimiwa Bibi. Kwanza walitupa pole ya msiba wa Baba. Kisha waliomba radhi kwamba pini zimetuangusha, na wakasema kwa namba ya kwenye mtutu, ambayo Damascène aliinakili, wameitambua bunduki yenyewe na hata fundi aliyeiunda, marehemu sasa, na kwamba wangeona aibu kazi ya mkono wake ikae mbovu. Idara yao ya matengenezo iko tayari kunihudumia. Silipi kitu. Niipeleke tu kwa wakala wao mjini, Bwana Arthur.

Huyo Arthur ni mzungu mzee aliyekulia Bukavu, na Kiswahili chake ni cha huko Kongo. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaichungulia, akaniambia, "Usiogope, mama, hii iko na ugonjwa kidogo tu." Aliniletea kiti. Karatasi za serikali za kuisafirisha alizihangaikia yeye, mimi nilikunywa soda tu.

Sikukata tamaa. Nikaandika tena kwamba kitako kipya nakitaka cha rangi ileile ya zamani, la sivyo siipokei. Wakaniletea vipande vitatu vya mti nichague. Nikavikataa vyote bila kuvitazama sawasawa. Wakaniletea cha nne, pamoja na barua ya kuomba radhi kwamba vile vitatu havikuniridhisha. Nilikaa na kile kipande cha mti mapajani, nikajiona mjinga.

Na nilichukia, ndugu yangu. Cherehani yangu, inayotulisha mimi na Mama, meno yake ya kuvuta kitambaa yameisha. Nimewaandikia wenye cherehani kwa adabu zote, na mpaka leo hawajanijibu hata kwa kadi. Dawa ya sukari ya Mama, ukienda kuiulizia, anayeiuza hainui kichwa, anakuambia hakuna, rudi wiki ijayo. Kitu cha kushonea na kitu cha kumponya mtu, unaambiwa rudi. Kitu cha kuulia, wanakuletea kiti na soda na kukuita Mheshimiwa. Siwapendi watu hao, hata baada ya nitakayokueleza chini.

Ikafika Idi. Ulikuja na wenzako wawili. Mlikula, mkanywa maziwa yaliyokuwa kwenye jagi, ukauliza yametoka wapi, nikakujibu kwamba Umutoni, mke wa jirani yetu Eustache, ameyaleta asubuhi kutupongeza kwa sikukuu. Ukakisukuma kikombe. Kisha ukasema, tena kwa sauti kubwa ili matofali yasizuie, kwamba bunduki ikirudi kazi yake ya kwanza iko hapo nyuma ya ukuta. Ukasema Eustache ni Mtutsi, kijana wake amevuka mpaka kujiunga na wale wanaopigana, na kwamba nyumba yake itakufaa kwa kuwekea mbao. Wenzako wakacheka. Mama akakuambia ule taratibu, utapaliwa. Ulidhani hakusikia.

Kijana wa Eustache yuko seminarini Kabgayi, anasomea upadri. Hata hilo ungeuliza tungekuambia.

Sasa nikueleze jambo usilolijua, maana hukai hapa. Tangu Mama aanze kuchomwa sindano ya sukari, anayemchoma ni Eustache. Ni muuguzi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kliniki anapitia kwetu. Hatujamwomba, aliona nilivyokuwa nikitetemeka siku ya kwanza, akanipokonya sindano. Asubuhi ya pili ya Idi nilidhani hatakuja. Alikuja. Hakutusalimu kama kawaida yake. Alimwinua Mama mkono, na nikaona kwa mara ya kwanza na yeye anatetemeka, mpaka ikambidi aiweke sindano mezani, apumue, aishike upya. Alipomaliza alifungasha vitu vyake akaenda kazini.

Mama akaniita. Akataka nimweleze habari zote za hao wazungu wa bunduki, nikamweleza, na ujanja wangu wote nikautoa, nikingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu, kama kweli watu hao wanafanya chochote mteja anachotaka. Nikamjibu kwamba wanafanya, hata ukiwatukana. Akasema basi nimletee kitenge chake kizuri na viatu.

Unajua miguu yake ilivyo. Alipanda nami mpaka mjini kwa miguu hiyo, akipumzika kwenye kila ngazi ya duka, na teksi aliikataa kwa sababu alisema anataka muda wa kufikiri. Bunduki ilikuwa bado huko Ubelgiji, imeshapona, inangoja ndege. Na hili ulilisahau, au hukutaka kulikumbuka: Baba alipofariki, kibali kilihamia jina la Mama. Bwana Arthur alipomletea kiti, Mama hakukaa. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, kwa Kiswahili cha Arthur mwenyewe:

"Bunduki iko yangu. Mtoto yangu anataka kuua nayo mtu. Na ule mtu iko jirani yangu. Ambia hao mafundi yako, waiue yenyewe kwanza."

Arthur alivua miwani. Alimuuliza kama ameelewa vizuri. Akamweleza kwamba bunduki sasa ni kama mpya, kazi kubwa imefanyika, kuiharibu ni hasara na ni huzuni. Mama akamwambia kwamba marehemu mumewe alikuwa akienda kuwinda kanga Bugesera, na hata kanga hakumfyatulia bila kusema Bismillah, kwa sababu nyama isiyotajiwa jina la Mungu haikuingia nyumbani kwake. Akasema angependa sana kusikia mwanawe atataja jina la nani atakapofyatua hapo nyuma ya ukuta. Kisha ndipo akakaa, akalia. Mama yako, Muhire, alilia dukani kwa watu, mbele ya mzungu, kwa ajili yako.

Arthur alituma teleksi palepale. Kiwanda kilijibu kesho yake. Walisema hawajawahi kupata ombi la namna hiyo kutoka kwa mwenye bunduki, lakini idara imelipokea, italitekeleza, na hakuna malipo. Walimtumia Mama salamu, wakamtakia afya.

Kwa hiyo bunduki imerudi. Ipo ndani ya mkoba mpya wa ngozi, na wameweka brashi, chupa ya mafuta, na kitambaa cha kufutia. Kitako ni cha ule mti wa nne. Chuma kinang'aa. Mimi kazi yangu ni kutafuta kasoro kwenye mshono wa mwenzangu, na hapa nimetafuta sana nikakosa. Ila ikunje, uchungulie. Hutaona mwanga. Mitutu yote miwili wameijaza chuma kutoka ndani, wakaichomelea, wakaisugua mpaka mahali pa kuungia hapaonekani. Pini mpya walizozitengeneza wamezitoa. Haiwezi kumeza risasi tena mpaka siku ya Kiyama. Na wameweka barua ya dhamana, ambayo Damascène ametusomea: kazi hiyo wanaidhamini maisha, na ikitokea mtutu ukafunguka kwa sababu yoyote, tuwarudishie, watauziba upya bure.

Ulisema unamtafutia Mama ulinzi. Mama ndiye aliyeiziba.

Ingekuwa shauri langu, nisingekuandikia. Ningekuacha uje Jumamosi na kofia yako, uichukue kwa majivuno, uinyanyue mbele ya vijana wako, uaibike hapo hapo. Nilimwambia Mama hivyo. Alikataa. Alisema hataki uaibike mbele ya watu, anataka uone haya ukiwa peke yako Kabuga, umekaa na barua, na umalize. Hiyo ndiyo sababu ya wino huu wote.

Najua mapanga yanauzwa sokoni Kabuga, tena kwa watu wote. Sina kiwanda cha kukiandikia juu ya hayo. Na nimekukasirikia kiasi kwamba nikikuona leo nitakupiga, mzee mzima ulivyo, na hutanirudishia kwa sababu unajua ni halali yako. Nakumbuka nilivyokubeba mgongoni, na naona uchungu wa kuwaza nilikuwa nambeba nani.

Haya sasa ni ya Mama, na amenitaka nisiongeze neno. Anasema Jumamosi uje, ila uje alfajiri, bila wenzako na bila kofia, uwahi kabla Eustache hajapita. Anasema siku hizi mkono wa Eustache haujatulia, na wa kwake Mama unamuuma, kwa hiyo anataka umshike wewe huo mkono wakati anachomwa. Usitoe hotuba. Umshike tu mpaka sindano itoke, na Eustache akuone ukimshika. Baada ya hapo, kama bado unaitaka bunduki, anasema uichukue, ni yako.

Nisalimie mkeo na majirani zako wote wanaonikumbuka, na wabusu watoto. Mwalimu Damascène anakusalimu. Mama anakusalimu sana sana. Eustache nilimwambia kwamba nakuandikia. Akauliza Jumamosi aje saa ileile au achelewe kidogo. Nimemwambia aje saa ileile.

Wasalaam,

Ni mimi dada yako,
Aidah