Mzingo wa Chungu cha Mama

Kyela mjini, 21 Januari 2024

Dada Tusajigwe,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua hayajaniacha. Mama hajambo?

Nakuletea somo la duara. Nimelinakili kutoka kwenye simu hapa dukani kwa Abdulwahab, maana huko Ikombe video hazifunguki. Mwalimu wa mtandaoni anasema pima mzingo wa kitu chochote cha duara, gawanya kwa kipenyo chake, utapata tatu na kidogo kila mara. Jaribu. Mwezi ujao nakuandikisha mtihani wa Novemba. Ukifaulu hesabu, chuo cha unesi hawatakukataa tena. Mimi hesabu iliponiangusha niliikubali sifuri yangu, lakini wewe bado.

Mdogo wako,
Nsajigwa

Ikombe, 2 Februari 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na ndaga, asante sana kwa somo. Hezroni mwenye mtumbwi kalishusha pamoja na chumvi. Mama anakohoa, lakini bado ananigombeza, kwa hiyo hajambo.

Nimepima vyungu vyake kwa uzi. Kimoja kimetoa karibu tatu na nusu, kingine hata tatu hakifiki. Mama kauliza kama navishonea nguo. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia. Jibu wanalolipata watu wote, mimi silipati. Usiniandikishe, Nsajigwa. Nimechoka kufeli.

Dada yako,
Tusajigwe

Kyela mjini, 10 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Poleni na mvua. Nimechelewa kuandika kwa sababu nami nilichukua uzi.

Nilipima ndoo, sahani na mfuniko wa sufuria, vyote vikatoa tatu na kidogo. Nikapima chungu alichonipa mama, kikakataa. Ndipo nikaelewa. Mama anafinyanga kwa mkono, na chungu chake si duara kamili. Wewe ulipima sawasawa.

Nilikuandikisha siku ileile nilipopata barua yako. Kasirika, lakini jina lako limo.

Mdogo wako,
Nsajigwa

Ikombe, 17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, na mimi nimekasirika kama ulivyoniruhusu. Mama kasema huyo mwalimu wa simu aje afinyange mwenyewe.

Nimeazima sahani kwa jirani na kuipima mpaka mwenyewe akaidai. Tatu na kidogo. Nimefurahi mno.

Nitakuja Novemba. Lakini habari ya chungu hukuinakili kwenye simu, uliifikiri mwenyewe. Jina langu ulilipeleka bila kuniuliza. Sasa peleka na la kwako kabla mwezi haujaisha. Usipofanya hivyo, sitaingia chumba hicho cha mtihani.

Dada yako,
Tusajigwe