Silinda Kumi na Nne

Jumapili, 6 Julai 2025
Ukungu tangu alfajiri, Vudee yote imezama. Baada ya ibada nimemwonyesha Baba injini ya kwanza ya ndege yetu ya kuchonga. Kumwonyesha! Macho yake yamekwisha mwaka wa pili huu na bado nasema hivyo. Nikamwekea mapajani. Wiki tatu nimechonga boriti la mkonge: silinda saba, kila moja ukubwa wa kipande cha chaki. Akazipapasa, akauliza wenzao saba wako wapi. Nikasema picha ya kwenye simu inaonyesha saba tu. Akacheka mpaka akakohoa. Injini ya Dakota, ndege tunayoiiga, ina kumi na nne, saba mbele na saba nyuma yake. Amezifungua na kuzifunga miaka kumi na moja uwanja wa ndege, Dar.

Nikamwambia za nyuma hakuna atakayeziona.

"Na mimi je, hizo za mbele naziona?"

Nimekasirika. Lakini kacheka! Tangu tumzike Mama sijamsikia akicheka hivyo. Nitachonga.

Jumanne, 8 Julai
Nimeshuka Same kufuata waya wa kuzungushia silinda. Salehe, yule anayesuka upya mota zilizoungua, kanipa wa shaba, mwembamba kama uzi wangu namba arobaini. Kauliza siku hizi nashona na shaba? Nikasema natengeneza ndege, mabawa mita mbili na nusu. Itaruka? Haitaruka, itakaa sebuleni na mzee. Katikisa kichwa, kisha kaniongezea waya.

Jumamosi, 19 Julai
Silinda ya ishirini na mbili, ya nane kwa injini ya pili! Kila moja mizunguko thelathini ya waya, bila kupandana. Bawa limelala juu ya cherehani. Sare za watoto wa watu ziko chini yake, na shule zilishafunguliwa – Mama Blessing kaja kufuata sketi, kanisema mpaka basi. Ana haki.

Baba kakaa na blanketi karibu na jiko la mkaa, anakagua kwa ukucha. Kwenye ya kumi na tisa ukucha ukakwama. Waya umepandana, kasema, fumua. Nikafumua. Mimi, ambaye wateja wananiogopa!

Nampenda huyu mzee. Sijui kama nimewahi kumwambia.

Ijumaa, 25 Julai
Kliniki ya sukari. Nesi kamtoboa kidole, Baba hata hakutikisika. Kamtoboa kingine. Akaniita pembeni: ganzi ya miguuni imeshapanda mikononi. Baba njiani kaniambia nesi yule ana mkono mwepesi sana.



Jumapili, 3 Agosti
Injini ya pili imekamilika. Nimempa, kaizungusha taratibu, kapitisha vidole mbele na nyuma. "Safi. Kumi na nne."

Nilipoinuka kwenda kumpakulia makande nikasikia kitu mfukoni mwa aproni. Silinda. Ya safu ya nyuma, niliiweka pale ili gundi ikauke, nikaisahau. Injini aliyoisifu ina kumi na tatu.

Nimelia jikoni. Nikamwambia ni moshi wa kuni.

Jumatano, 6 Agosti
Gundi ipo. Dakika tano tu! Na nikishaifunika injini kwa kifuniko chake cha bati, hakuna atakayejua, wala yeye. Mara tatu nimeitoa mfukoni na mara tatu nimeirudisha. Nikiigandisha kimyakimya, ndiyo nimekubali kwamba vidole vyake vimekwisha na kuanzia hapo nitamdanganya kila siku. Nisipoigandisha, je? Naogopa. Injini ndiyo kitu pekee kilichomrudishia maneno.

Jioni Baba kaniambia nisifunge. Kazini kwao injini ilikaguliwa mara mbili, na ukaguzi wa pili ni baada ya kulala, kichwa kikiwa kimetulia. Atakagua kesho.

Alhamisi, 7 Agosti
Naandika yuko mbele yangu. Silinda iko mfukoni.

Kapitisha vidole mara moja. Mara ya pili. Kaishusha mapajani.

"Rahe. Vidole havinisikii tena. Jumapili nilikisia tu."

Nikafungua mdomo nimwambie. Kainua mkono, ngoja, kazi haijaisha.

Sasa kainyanyua injini mpaka usoni. Anahesabu kwa mdomo! Mdomo wa chini, unagusa silinda moja, unahamia nyingine, taratibu, kama anayeonja uji wa moto. Moja. Mbili. Saba za mbele zimekwisha. Kaigeuza. Nane. Tisa. Anatabasamu – anazisikia, hata mizunguko ya waya! Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Kumi na tatu.

Mdomo uko pale kwenye pengo, umerudi nyuma, umelirudia tena. Machozi yananishuka na siyafuti. Injini kaishikilia kwa mkono mmoja, na ule mwingine kaunyoosha kuelekea kwangu, kiganja wazi, jinsi fundi anavyomsubiri mwenzake ampe –